Asiyekuwapo na Lake Lipo

Wahenga wetu walisema: asiyekuwapo na lake halipo. Mara nyingi methali hii husemwa kwa utani, pale aliyechelewa anapofika akakuta sufuria imekwishakwanguliwa. Watu hucheka, naye hucheka nao. Lakini iondoe methali hiyo jikoni, uipeleke kwenye shamba la mtu aliyesafiri, au kwenye nyumba yake, au kwenye sanduku lake la nguo, na kicheko kitakoma. Mpaka wa shamba la aliye mbali husogezwa hatua moja kila msimu wa kulima. Deni lake huzaa usiku na mchana. Barua ya kumwita mahakamani hupelekwa katika nyumba ambayo hakai tena, na siku ya shauri jina lake huitwa mlangoni, hakuna anayeitika, na mdai wake hupewa ushindi.

Katika watu wote walio mbali na mali zao, askari ana hali ya peke yake. Mfanyabiashara huondoka siku aliyoipanga mwenyewe. Mwanafunzi anajua masomo yatakwisha lini. Askari hupewa amri, hufunga mzigo wake, na tarehe ya kurudi si yake. Anaweza kuambiwa miezi 12 ikawa 15, na anaweza asirudi kabisa. Hawezi kumwambia mkubwa wake, "Afande, naomba siku mbili nikaangalie kufuli langu."

Katika kurasa hizi nataka kusimulia historia ya kifungu kimoja kidogo cha sheria ya Marekani ambacho kimejaribu kuipindua methali yetu. Kinahusu vitu ambavyo askari ameviweka katika chumba cha kupanga, akaenda vitani, na kodi ikasimama. Si kifungu mashuhuri. Nimekutana na wanajeshi wengi wasiokijua, na wenye vyumba ambao hawakijui au hawapendi kukijua. Mimi nilikijua kwa sababu ya kazi. Kuanzia mwaka 2003 nilikaa miaka kumi kwenye dawati la ofisi ya stoo za kupangisha katika mji wa Killeen, Texas, mji uliokua kando ya kambi kubwa ya jeshi ya Fort Hood. Kampuni yenyewe sina haja ya kuitaja. Wengi wa wapangaji wetu walikuwa watu wa kambini.

Msomaji ambaye hajaziona stoo hizo na afikirie safu ndefu za vyumba vya bati visivyo na madirisha, kila kimoja na mlango wa chuma unaokunjwa kwenda juu. Chumba kidogo hutosha godoro na maboksi. Kikubwa huingia gari. Mpangaji hulipa kwa mwezi, huweka kufuli lake mwenyewe, na ufunguo hukaa naye. Biashara hii ilianza kushamiri miaka ya 1960, na Texas ni miongoni mwa mahali ilipoanzia; leo Marekani nzima ina vituo vya namna hiyo vipatavyo 50,000. Nyuma ya milango ile kuna talaka, msiba, kufukuzwa nyumba, kuhama kazi. Na penye kambi, kuna vita. Askari asiye na mke akipata amri ya kwenda ng'ambo hana sababu ya kulipia nyumba tupu kwa mwaka mzima. Huvunja mkataba wa nyumba, hupakia kitanda, televisheni, picha za mama yake na vitabu vyake vya shule, na kuvifungia ndani ya chumba cha bati.

Sasa, kodi isipolipwa inakuwaje? Sheria za majimbo humpa mwenye stoo haki ya kuvishikilia vitu vilivyomo mpaka alipwe, na asipolipwa, kuviuza. Taratibu hutofautiana kidogo kutoka jimbo hadi jimbo, lakini njia ni ile ile. Kwanza kampuni huweka kufuli lake juu ya lile la mpangaji. Kisha barua hupelekwa kwenye anwani ya mwisho inayojulikana. Kisha hutolewa tangazo. Mwisho huja mkasi mkubwa wa kukatia vyuma. Mlango hupandishwa, wanunuzi huchungulia kutoka kizingitini bila kugusa kitu, na dalali huanza kuita bei. Kwa dakika chache chumba kizima kimekwenda. Desemba 2010 kilianza hata kipindi cha televisheni, Storage Wars, kilichoufanya mnada huo kuwa burudani ya sebuleni.

Katika hatua zote hizo hakuna hakimu. Jambo hilo liliwahi kufikishwa katika Mahakama ya Juu ya Marekani. Mwanamke mmoja alifukuzwa katika nyumba ya kupanga huko Mount Vernon, New York, mwaka 1973, na vyombo vyake vikachukuliwa na kampuni ya ghala. Gharama zikapanda, hawakuelewana, na kampuni ikamwandikia kwamba asipolipa itaviuza. Yeye akadai kwamba Katiba inakataza mtu kunyang'anywa mali bila kusikilizwa. Mwaka 1978, katika shauri la Flagg Bros. dhidi ya Brooks, majaji watano dhidi ya watatu waliamua kwamba Katiba huifunga mikono serikali, na mwenye ghala si serikali. Sheria ya jimbo imemruhusu auze, lakini anayeuza ni yeye, mtu binafsi. Kwa hukumu hiyo mpangaji wa kawaida hawezi kuitegemea Katiba imletee hakimu kabla kufuli halijakatwa.

Askari anaye hakimu huyo. Hakumpata kwa Katiba, bali kwa sheria iliyotungwa na Bunge na kurekebishwa vita baada ya vita.

Wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, kati ya mwaka 1861 na 1865, majimbo kadha ya Marekani yalitunga sheria za kusimamisha madai dhidi ya watu walio jeshini. Nia ilikuwa njema, lakini dawa ilikuwa kali kupita kiasi. Ukimkataza mwenye duka asimdai askari yeyote kwa lolote, mzigo wa vita umeuhamisha kutoka begani pa mmoja ukautua begani pa mwingine. Na mke wa askari akija kukopa unga, nani atamkopesha mtu ambaye mumewe hawezi kudaiwa? Baadhi ya sheria hizo mahakama zilizikubali, nyingine zikazikataa.

Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Kwanza mwezi Aprili 1917, swali likarudi. Aliyepewa kazi ya kulijibu ni John Henry Wigmore, mkuu wa kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Northwestern, bingwa wa sheria ya ushahidi, ambaye wakati huo alikuwa amevaa sare akiwa meja katika ofisi ya wanasheria wa jeshi. Rasimu yake haikusimamisha kila kitu. Ilimtaka hakimu aangalie kila shauri peke yake na kuuliza: je, huyu ameshindwa kutimiza wajibu wake kwa sababu yuko jeshini? Ikiwa ndivyo, hakimu asimamishe shauri au apange upya masharti. Ikiwa sivyo, mdai apewe haki yake. Rais Woodrow Wilson alitia saini sheria hiyo tarehe 8 Machi 1918. Ilikataza familia ya askari kufukuzwa bila idhini ya mahakama katika nyumba ya kodi isiyozidi dola 50 kwa mwezi, na iligusa pia rehani na bima ya maisha. Vita vilipokwisha, nayo ikakoma.

Ilifufuliwa tarehe 17 Oktoba 1940, mwezi mmoja tu baada ya Bunge kupitisha sheria ya kuwaandikisha vijana jeshini kwa lazima, hata kabla Marekani haijaingia vitani. Safari hii iliitwa Sheria ya Nafuu kwa Askari na Mabaharia, na ile kodi ya nyumba ikapandishwa hadi dola 80. Namna mahakama zilivyoitumia inaonekana vizuri katika shauri la Boone dhidi ya Lightner, lililoamuliwa na Mahakama ya Juu mwaka 1943. Kapteni mmoja wa jeshi, aliyedaiwa huko North Carolina kuhusu fedha alizokuwa akizisimamia kwa niaba ya binti yake, aliomba shauri liahirishwe kwa kuwa yuko jeshini. Majaji walisema sheria hii lazima isomwe kwa ukarimu kwa ajili ya watu walioacha mambo yao ili kubeba mzigo wa taifa. Kisha wakamnyima alichoomba, maana kazi yake ilikuwa Washington, na mahakama haikuona kwamba utumishi ndio uliomzuia kufika. Nimeitaja hukumu hii makusudi, kwa sababu wako wanaodhani sare peke yake hufuta deni. Haifuti, na tangu mwanzo haikukusudiwa ifute.

Kifungu chetu kilizaliwa tarehe 6 Oktoba 1942. Siku hiyo Bunge lilirekebisha sheria ya 1940, na ndani ya marekebisho yale yale mlikuwa na mambo mawili ambayo kwangu mimi ni mapacha. La kwanza lilimruhusu mtu anayeingia jeshini kuvunja mkataba wa nyumba aliyopanga. La pili lilikataza mtu yeyote kuuza samani, vyombo vya nyumbani au vitu binafsi vya askari kwa ajili ya gharama za kuvihifadhi, katika muda wote wa utumishi na miezi mitatu baadaye, isipokuwa mahakama iwe imetoa amri kwanza. Yatazame yote mawili kwa pamoja na utaona jinsi moja linavyoliita jingine. Kijana ameruhusiwa kurudisha ufunguo wa nyumba. Vizuri. Kitanda chake je? Meza je? Lazima viende mahali. Sheria ikavifuata huko ghalani.

Mwaka 1942 stoo za milango ya kukunja zilikuwa hazijaenea. Ghala lilikuwa jengo refu mjini lenye wapagazi na stakabadhi. Lakini maneno ya kifungu yalitaja gharama za kuhifadhi, hayakutaja aina ya jengo, na hivyo yakavuka miaka. Tarehe 19 Desemba 2003, wakati askari wa Marekani wakiwa Afghanistan na Iraq, Rais George W. Bush alitia saini sheria iliyoiandika upya ile ya 1940. Kwa kifupi huitwa SCRA. Kifungu cha ghala kikapanuliwa: sasa kinahusu mali yoyote ya askari, na gharama za kuhifadhi, kutengeneza, kusafisha au sababu nyingine yoyote. Mwenye kuishikilia mali hiyo haruhusiwi kuiuza bila amri ya mahakama katika muda wote wa utumishi na siku 90 baada yake. Hakimu anaweza kusimamisha mnada au kupanga upya deni ili pande zote mbili zitendewe haki. Anayevunja kifungu hiki akijua anatenda kosa la jinai, na anaweza kutozwa faini au kufungwa hadi mwaka mmoja.

Hayo ndiyo maandishi. Kazini kwetu niliona yakijaribiwa na kitu kidogo kabisa: kalenda. Vijana wengi waliokwenda Iraq mwishoni mwa mwaka 2006 na kikosi cha First Cavalry walitulipa miezi 12 kwa mkupuo kabla ya kuondoka. Walikuwa waangalifu; walipiga hesabu ya safari, wakaweka fedha mezani. Kisha mwezi Aprili 2007 Waziri wa Ulinzi Robert Gates alitangaza kwamba askari wa nchi kavu walioko Iraq na Afghanistan watakaa miezi 15 badala ya 12. Tangazo lile lilisikika dunia nzima kama habari ya vita. Kwetu dawatini lilikuwa na maana nyingine. Novemba ilipofika, malipo ya vyumba vyao yalikwisha mmoja baada ya mwingine. Barua tulizotuma zilikwenda kwenye nyumba walizokwisha kuziacha, zikarudi na muhuri wa posta. Kadi za benki nyingine zilikuwa zimepitwa na wakati. Januari 2008 majina kadha yalikuwa katika orodha ya mnada, na kwa kompyuta yetu hayakuwa na tofauti yoyote na majina ya watu waliotoroka deni.

Meneja wetu alikuwa mtu wa makamo aliyewahi kuvaa sare. Alikuwa na desturi moja, na hakuiacha hata siku tulipokuwa na kazi nyingi: kabla ya mnada alifungua ukurasa wa Wizara ya Ulinzi wenye kumbukumbu za watumishi wa jeshi, akaingiza majina yote, moja moja. Ukurasa huo haulipiwi, na hujibu kwa hati inayosema kama mtu huyo yumo katika utumishi tarehe hiyo. Siku ile hati ziliporudi, mafaili manne aliyatoa kwenye rundo akayaweka kando. "Haya hayana mnada," alisema, akaendelea na kazi.

Mmoja wa wale wanne alikuja mwenyewe wiki chache baadaye. Alikuwa na umri wa miaka 22 au 23, bado ana rangi ya jua la huko. Hakuanza kwa kuuliza anadaiwa kiasi gani. Aliuliza, "Vitu vyangu bado vipo?" Nikamwambia vipo. Akashika ukingo wa dawati kwa mikono miwili, akanyamaza kidogo, ndipo akauliza habari ya deni. Alililipa kwa awamu tatu. Kampuni haikupoteza hata senti moja ya kodi yake, nami hulitaja jambo hili kila ninapomsikia mtu akisema sheria hizi zinawaonea wafanyabiashara.

Zile siku 90 za baada ya utumishi nazo nilizielewa dawatini. Hapo kwanza nilidhani zimewekwa kwa ajili ya aliyerudi, apate muda wa kupumua. Ni kweli. Lakini kwa sheria hii utumishi hukoma kwa njia mbili: kuruhusiwa, au kufa. Baba mmoja alikuja kutoka jimbo la mbali na gari la mizigo la kukodi, ana ufunguo wa kijana wake ndani ya bahasha ya jeshi. Nilimsindikiza mpaka kwenye mlango. Ufunguo ulikuwa wa kwanza kuingia katika kufuli lile tangu kijana alipolifunga kwa mkono wake. Ndani mlikuwa na baiskeli, viatu, kiti cha kukunja na maboksi yaliyoandikwa kwa kalamu nene. Mzee alikaa kwenye kile kiti muda mrefu kabla hajaanza kupakia. Nani angemrudishia vile kama vingekuwa vimeuzwa kwa dalali?

Nisije nikaipamba sheria kupita kiasi. Haifuti kodi, deni huendelea kukua kila mwezi. Haimlindi mpangaji ambaye chumba na vitu vyote ni vya mtu mwingine. Na udhaifu wake mkubwa uko wazi: lazima mtu aulize. Kampuni isiyoingiza majina katika ule ukurasa itaona jina tu na deni tu. Wizara ya Sheria ya Marekani imeshikilia mahakamani kwamba katika madai ya fidia kutojua si kinga, mradi mali ilikuwa ya askari na mahakama haikuulizwa. Aidha, sheria haikubali hila ya kumfanya askari ajivue haki zake kwa maneno madogo yaliyofichwa nyuma ya mkataba: kuziacha lazima kuwe katika hati ya peke yake, kwa herufi zisizopungua pointi 12. Mtunga sheria aliyefikiria mpaka ukubwa wa herufi aliwajua watu.

Hata hivyo, kwa miaka mingi aliyeuziwa vitu vyake hakuwa na uhakika kama anaweza kushitaki mwenyewe. Oktoba 2010 Bunge liliandika waziwazi kwamba anaweza kudai fidia, na kwamba Mwanasheria Mkuu wa serikali naye anaweza kufungua kesi. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ilitumia maneno hayo kwa baharia wa Virginia ambaye gari lake, lenye tairi lililopungua upepo, lilivutwa na kuuzwa mwaka 2007 akiwa baharini. Ikasema haki hiyo inamfikia hata yeye, ingawa mnada ulitangulia sheria. Na mwaka 2020 serikali ilifungua kesi dhidi ya kampuni moja ya kuhamisha na kuhifadhi mizigo huko Massachusetts, iliyouza vitu vya sajini wa jeshi la anga akiwa Qatar. Ilimalizika kwa kampuni kukubali kumlipa dola 60,000, na dola 5,000 kwa serikali. Fedha ni fedha, lakini dalali hana daftari la kumwonyesha ni nani aliyeondoka na picha zake.

Kuna jambo linalotuhusu sisi tunaosema Kiswahili. Mwaka 2009 jeshi la Marekani lilianza mpango ulioitwa MAVNI, wa kuandikisha wageni wasio na hati ya ukaazi wa kudumu lakini wenye ujuzi wa tiba au wa lugha zilizohitajiwa, na kuwapa njia ya haraka ya uraia. Kiswahili kilikuwa katika orodha ya lugha hizo. Mpango ulisimamishwa mwaka 2016, lakini katika miaka ile nilianza kusikia ng'ambo ya dawati sauti nisizozitarajia. "Shikamoo, mama." Nikiinua macho, naona kijana wa Kisumu au wa Mombasa ndani ya sare ya Marekani, anataka chumba kidogo. "Marahaba, mwanangu. Unakwenda wapi?" Hilo la mwisho mara nyingi hakuruhusiwa kulijibu.

Na vijana wetu walikuwa na desturi moja iliyonipa mashaka. Chumba walitaka kiandikwe jina la binamu, au la rafiki mwenye kadi ya benki, kwa sababu kwetu mali ya ndugu ni mali ya ndugu na hakuna anayeona ajabu. Niliwaambia wote maneno yale yale: "Andika jina lako, na uandike kwamba wewe ni mwanajeshi, na unipe namba ya simu ya mtu asiyekwenda vitani." Kwa macho ya udugu binamu anatosha. Ule ukurasa wa Wizara ya Ulinzi, ukipewa jina la binamu, utajibu kwa ukweli kwamba mtu huyo hayumo jeshini, na mnada utaendelea. Wazee walikwisha kutuonya: mali bila daftari hupotea bila habari.

Tarehe 5 Januari 2020 wapiganaji wa al-Shabaab walishambulia uwanja wa ndege wa Manda Bay, Lamu, ambako majeshi ya Marekani yalikuwa pamoja na ya Kenya. Wamarekani watatu waliuawa: mmoja askari, wawili wafanyakazi wa kandarasi. Wakati huo nilikuwa nimekwishaacha kazi ya stoo, lakini niliposoma habari ile niliwaza kama mtu wa dawatini. Kama wote watatu waliacha kufuli mahali fulani Marekani, sheria niliyoieleza ingesimama kwenye mlango mmoja tu. Mtu wa kandarasi hayumo katika utumishi wa jeshi, ingawa amekufa uwanja ule ule, asubuhi ile ile.

Hapo ndipo fikira zangu hukwama kila mara. Wigmore na wenzake hawakumpa askari zawadi. Walichosema ni kwamba kabla ya kuuza kitu cha mtu ambaye hayupo kujitetea, nenda kwa mtu wa tatu asiye na faida katika jambo hilo, akuulize maswali mawili: huyu yuko wapi, na kwa nini hajalipa? Kwa askari, Marekani iliona maswali hayo yanastahili kuulizwa. Kwa yule mwanamke wa Mount Vernon ilisema hayana lazima. Miaka yangu kumi nimeona vyumba vya mgonjwa aliyelazwa miezi, vya mfungwa, vya mama aliyemkimbia mume mwenye kumpiga na hakutaka anwani yake ijulikane. Wote hawakuwapo, na lao halikuwapo. Jioni ya mnada wanunuzi walibakiza wasichokitaka karibu na pipa la taka, nami nikipita kufunga lango niliziona albamu za harusi na vyeti vya ubatizo.

Najua hoja ya upande wa pili, maana mshahara wangu ulitoka huko. Mwenye stoo naye ana deni la benki na kodi ya serikali. Akilazimika kwenda mahakamani kwa kila chumba cha dola 50, atafunga biashara, na maskini ndiye atakayekosa mahali pa kuweka kitanda chake. Hoja hiyo ina uzito. Ila ukurasa wa Wizara ya Ulinzi ulitugharimu dakika tatu kwa kila jina, na kampuni yetu haikufa. Kati ya hakimu kwa kila mtu na mkasi kwa kila mtu, pana nafasi kubwa ya mtu mmoja kuinua simu mara moja zaidi kabla ya kumwita dalali. Meneja wetu alikuwa akiwapigia hata wasio askari, na sheria haikumtaka afanye hivyo. Wengine waliitika.